Kuzaliwa, kuishi na kufa kwa mchakato: historia fupi ya fork na mazombi yake

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilikuwa nimezama katika historia ya mifumo endeshi, na leo ningependa kuwasimulia jinsi tarakilishi zilivyojifunza kuzaa, kulea na kuzika programu. Lakini kwanza nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2022 niliandika programu ya kutuma ujumbe mfupi kwa wanachama wa sacco moja ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwanachama akiwekewa pesa zake, anapata SMS. Kazi ndogo kabisa, nikadhani. Ijumaa moja asubuhi meneja akanipigia simu: "Kijana, wazee wamejaa hapa mlangoni. Wanasema malipo hayajaingia." Malipo yalikuwa yameingia tangu Jumatano. Ujumbe ndio haukuwa umetumwa. Kuna mama mmoja alikuwa amekwisha kukopa karo ya mtoto kwa jirani, tena kwa riba, ilhali pesa zake zimelala kwenye akaunti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaingia kwenye seva. Programu yangu ilikuwa hai. Kumbukumbu ilikuwa ya kutosha, prosesa ilikuwa imepumzika. Lakini kila programu ilipojaribu kuanzisha kazi ya kutuma ujumbe, mfumo ulikataa ukisema rasilimali haipatikani kwa sasa. Nikaandika amri ya ps ili kuona michakato yote iliyomo. Skrini ikajaa mistari mingi sana inayofanana, kila mmoja na herufi Z. Z ni zombi.

Nilifanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya: nikazima, nikawasha tena. Ujumbe ukaanza kutoka. Wiki mbili baadaye mazombi wakarudi. Hapo ndipo nilipoamua kusoma, na nilipoanza kusoma nikajikuta katika miaka ya 1950.

Enzi ya posho mill

Sote tunaijua posho mill ya kijijini. Unafika na debe lako la mahindi, unaliweka kwenye foleni, unasubiri. Debe la mwenzako likiwa kwenye mashine, lako halisagwi hata punje moja. Tarakilishi za mwanzo zilikuwa hivyo hivyo. Programu ilikuwa fungu la kadi zilizotobolewa matundu. Mwendeshaji aliziingiza, mashine ikafanya kazi hiyo peke yake mpaka mwisho, kisha akaja mwingine.

Mwaka 1956 kampuni za General Motors na North American Aviation zilitengeneza mfumo ulioitwa GM-NAA I/O kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Kazi yake kubwa ilikuwa kuanzisha kazi inayofuata mara tu ile ya kwanza inapokwisha, bila kumngoja mwendeshaji. Wengi huuhesabu miongoni mwa mifumo endeshi ya kwanza kabisa. Ona basi maisha ya programu wakati huo: inaanza, inafanya kazi, inakwisha. Hakuna kungoja, hakuna kulala, hakuna mzazi wala mtoto.

Ubaya wake ni kwamba binadamu alikaa nje. Ukikosea alama moja kwenye kadi, unarudishiwa majibu baada ya saa nyingi, pengine kesho yake, ndipo ujue umekosea.

Huko MIT, Marekani, mtaalamu aitwaye Fernando Corbató na wenzake walichoshwa na kungoja huko. Mwezi Novemba 1961 walionyesha mfumo wao wa kwanza wa kugawana muda, ambao ulikuja kujulikana kama CTSS. Watu kadhaa waliketi kila mmoja mbele ya taipu yake, na mashine moja ikawahudumia wote kwa zamu fupi fupi. Mashine ya IBM 7094 waliyoitumia baadaye ilikuwa na sehemu mbili za kumbukumbu, kila moja ya maneno elfu 32: moja ya mfumo wenyewe, nyingine ya programu ya mtumiaji aliye zamuni. Zamu ikiisha, programu yake inatolewa na kuhifadhiwa kwenye diski au ngoma ya sumaku, ya mwingine inaingizwa.

Sasa fikiria tatizo lililozuka. Mfumo ulipaswa kukumbuka: programu ya nani iko wapi, imefika wapi, inangoja nini? Ndipo CTSS ikawa na orodha ya hali za programu. Kulikuwa na hali ya kufanya kazi, hali ya kungoja mtumiaji aandike kitu, hali ya kungoja kuchapisha, hali ya kulala, na hali ya kufa. Naam, hata wakati huo waliiita kufa. Lugha hii ya uhai na mauti tunayoitumia leo kwenye tarakilishi imekuwepo kwa zaidi ya miaka 60.

CTSS ilizaa mradi mkubwa zaidi, Multics, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1960 na MIT, General Electric na Bell Labs. Katika Multics wazo la mchakato lilikuwa nguzo ya mfumo mzima. Tukielewane hapa: programu ni maandishi yaliyolala diskini. Mchakato ni programu hiyo ikiwa kazini, pamoja na kumbukumbu yake, faili ilizofungua, na mahali ilipofikia. Programu moja inaweza kuwa na michakato kumi kwa wakati mmoja, kila mmoja na hali yake.

Njia panda

Mwaka 1963 Melvin Conway alichapisha makala kuhusu mashine zenye prosesa zaidi ya moja. Humo alieleza amri mbili: fork, yaani njia igawanyike kuwa mbili, na join, yaani njia zilizogawanyika zikutane tena. Neno fork kwa Kiingereza ni uma wa kulia chakula, na pia ni njia panda. Maana ya pili ndiyo inayotuhusu. (Conway huyu ndiye yule yule wa kanuni isemayo kwamba mfumo unaotengenezwa na shirika hufanana na jinsi watu wa shirika hilo wanavyowasiliana.)

Wazo hilo likafika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, kwenye Project Genie, iliyozaa mfumo wa mashine ya SDS 940. Humo fork iliweza kuanzisha mchakato mpya kutoka ndani ya mchakato mwingine. Ken Thompson alisoma Berkeley na aliujua mfumo huo, kisha akaajiriwa Bell Labs.

Mwaka 1969 Bell Labs ilijitoa kwenye Multics. Thompson na wenzake wakabaki bila mfumo waliouzoea. Thompson akapata mashine ya PDP-7 iliyokuwa haitumiki sana. Mke wake aliposafiri na mtoto wao kwa karibu mwezi mmoja, yeye alitenga wiki moja kwa mfumo endeshi wenyewe, wiki moja kwa programu ya kupokea amri, wiki moja kwa programu ya kuhariri maandishi, na wiki moja kwa asembla. Hivyo ndivyo Unix ilivyoanza. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya maneno elfu 8 ya biti 18, yaani kama kilobaiti 18 hivi. Picha moja ya WhatsApp haiingii humo.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua hata nilipokuwa chuoni. Unix ya kwanza kabisa haikuwa na fork! Ilikuwa na michakato miwili tu, mmoja kwa kila terminali, kwa sababu terminali zilikuwa mbili. Programu ya kupokea amri (nitaiita sheli, na usifikirie kituo cha petroli) ilifanya hivi: ukiandika amri, sheli inatafuta faili ya amri hiyo, inaiandika juu yake yenyewe ndani ya kumbukumbu, kisha inaruka kwenda mwanzo wake. Yaani sheli inajiua ili amri iishi. Amri ikikwisha, nayo inafutwa na sheli mpya inapakiwa mahali pake. Nyumba moja, wapangaji wanapokezana.

Haya yote aliyaeleza Dennis Ritchie, mwenzake Thompson, katika makala aliyoandika mwaka 1979 kuhusu jinsi Unix ilivyokua. Na hapo ndipo nilipopata jibu la swali ambalo wanafunzi wengi wa sayansi ya tarakilishi huuliza: kwa nini kuanzisha programu kwenye Unix kunahitaji hatua mbili za ajabu? Kwanza unatumia fork kujinakili, ukawa wawili mnaofanana. Kisha yule mtoto anatumia exec kujibadilisha kuwa programu nyingine. Kwa nini ujinakili nakala ambayo utaitupa papo hapo?

Jibu la Ritchie ni la unyenyekevu sana. Ilikuwa rahisi. Mfumo tayari ulikuwa unajua kumhamisha mchakato kutoka kwenye kumbukumbu kwenda diskini na kumrudisha. Basi fork ikawa: panua jedwali la michakato, andika nakala ya mchakato huu diskini kwa njia ile ile, rekebisha jedwali kidogo, basi. Na kazi ya exec tayari ilikuwa ikifanywa na sheli yenyewe. Kwenye PDP-7, fork ilihitaji mistari 27 ya asembli. Ishirini na saba tu.

Mimi nilikuwa nimefundishwa fork kana kwamba ni falsafa iliyoshuka kutoka juu. Kumbe ilikuwa njia ya mkato ya watu wachache wenye mashine ndogo.

Siku amri ilipogoma

Mistari hiyo 27 haikuja bila matatizo. Ritchie anasimulia kwamba baada ya kuweka fork, amri ya chdir, ile ya kuhama kutoka folda moja kwenda nyingine, iliacha kufanya kazi ghafla. Waliisoma misimbo yao tena na tena wakijiuliza fork imeharibu nini. Mwishowe wakang'amua kwamba hakuna kilichoharibika. Chdir ilikuwa programu ya kawaida. Zamani ilibadilisha folda ya mchakato pekee uliokuwepo. Sasa inaendeshwa na mtoto: mtoto anahama folda vizuri kabisa, kisha anakufa. Mzazi wake, yaani sheli, yuko pale pale alipokuwa. Ni kama kumtuma mtoto ahamie Nakuru ukitarajia wewe mwenyewe uamkie Nakuru. Dawa ilikuwa kuifanya chdir iwe amri ya ndani ya sheli. Ukiandika cd kwenye Linux leo, hiyo ndiyo sababu hutumii programu ya pembeni.

Kuna kisa kingine kilichonifurahisha zaidi, maana ndicho kinachogusa mazombi wangu. Sheli ikishamzaa mtoto afanye kazi, inapaswa kungoja amalize. Itajuaje kwamba amemaliza? Mwanzoni hapakuwa na wait. Kulikuwa na njia ya michakato kutumiana ujumbe. Basi sheli ilimtumia mtoto wake ujumbe, ikakaa kungoja aupokee. Mtoto hakuwa na haja ya kuupokea, akaendelea na kazi zake. Alipokufa, mfumo ulimrudishia sheli kosa: mpokeaji hayupo. Hapo sheli ikajua kazi imekwisha. Ni kama kumwandikia mtu barua si kwa sababu una la kumwambia, bali ili siku barua itakaporudi ujue amefariki.

Njia hiyo ilikuwa na udhaifu. Mtoto akiupokea ujumbe kwa bahati mbaya, sheli inadhani amekufa ilhali yu hai. Basi wakaiondoa, wakaweka wait: mzazi anangoja waziwazi mtoto wake afe, na mfumo unampa taarifa. Rahisi na safi.

Lakini fikiria kidogo. Je, mtoto akifa kabla mzazi hajauliza? Taarifa ya kifo chake, pamoja na namba inayosema kama kazi yake ilifaulu au ilishindwa, itahifadhiwa wapi?

Jina kwenye daftari la chifu

Jibu: itabaki kwenye jedwali la michakato. Kumbukumbu ya marehemu imerudishwa, faili zake zimefungwa, lakini mstari wake kwenye jedwali unabaki mpaka mzazi aite wait na kuisoma taarifa hiyo. Mchakato huo ndio zombi. Ni kama mtu aliyekwisha kuzikwa lakini jina lake bado liko kwenye daftari la chifu, kwa kuwa hakuna jamaa aliyekwenda kuchukua cheti cha kifo. Hali shamba, hali chakula cha mtu, ila anashika mstari mmoja.

Katika Unix toleo la 6, la mwaka 1975, msimbo wenyewe umetaja hali hii ya zombi kwa jina, pamoja na hali za kulala, kuwa tayari kuendeshwa, na nyinginezo. Jedwali lake la kawaida lilikuwa na nafasi 50 tu kwa mashine nzima. Fikiria wazazi wazembe wawili watatu, mashine imejaa majina ya wafu na walio hai hawana pa kuandikwa. Msimbo wa toleo hilo ndio ambao John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliufafanua mstari kwa mstari mwaka 1977 kwa ajili ya wanafunzi wake, na ufafanuzi huo ukasambaa kwa nakala za fotokopi kwa miaka mingi kwa sababu ya vikwazo vya leseni.

Na je, mzazi akifa kabla ya mtoto? Mtoto anakuwa yatima, na Unix haiwaachi mayatima. Anapewa mzazi mpya: mchakato namba 1, uitwao init, ule wa kwanza kabisa kuanzishwa mashine inapowaka. Nyanya wa ukoo mzima. Kazi mojawapo ya init ni kukaa na kungoja, na kila yatima anapokufa, yeye ndiye anayeenda kuchukua cheti. Ndiyo maana mzazi mzembe akifa, mazombi wake wote huondoka pamoja naye: wanahamia kwa nyanya, na nyanya anawazika mara moja. Na ndiyo maana "zima, washa tena" ilinifanyia kazi.

Hapa pia utaelewa kwa nini amri ya kill -9 haimgusi zombi. Wengi hushangaa: nimempiga risasi kumi na bado yupo! Huwezi kumuua aliyekwisha kufa. Anayepaswa kushughulikiwa ni mzazi wake.

Gharama ya kunakili

Programu zilipokuwa za kilobaiti chache, kujinakili hakukuwa tatizo. Mashine za VAX zilipokuja, na programu zikakua, watu wa Berkeley waliona ni upuuzi kunakili kumbukumbu nzima kisha kuitupa sekunde hiyo hiyo kwa exec. Mwaka 1979, katika 3BSD, wakaongeza vfork: mtoto anaazima kumbukumbu ya mzazi, mzazi anasimama kimya mpaka mtoto aite exec au afe. Ilikuwa ya haraka lakini ya hatari, maana mtoto akichezea kitu, amechezea cha mzazi.

Suluhisho lililoshinda ni la busara zaidi. Mzazi na mtoto wanashiriki kurasa zile zile za kumbukumbu, zikiwa zimefungwa zisiandikwe. Yeyote kati yao akijaribu kuandika kwenye ukurasa fulani, hapo ndipo ukurasa huo mmoja unanakiliwa. Wengine wote wanabaki wa pamoja. Hivi ndivyo Linux inavyofanya.

Linux yenyewe, ukipenda kujua, ilianza na michakato. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, Ufini, alikuwa akijaribu prosesa yake mpya ya 386. Aliandika michakato miwili: mmoja unachapisha herufi A, mwingine herufi B, na saa ya mashine inawabadilisha zamu. Alipoziona A zikigeuka kuwa B na kurudi kuwa A, alijua kubadilishana zamu kunafanya kazi. Mengine yote yalifuata.

Kama unatumia Linux, fungua terminali uandike ps aux, kisha tazama safu iliyoandikwa STAT. R ni mchakato unaoendeshwa au ulio tayari kuendeshwa. S amelala, anangoja kitu, na anaweza kuamshwa. D amelala usingizi mzito, kwa kawaida anangoja diski, na hata kill -9 haimwamshi mpaka anachongoja kifike. T amesimamishwa, kwa mfano umebonyeza Ctrl na Z. Z unamjua sasa. Utashangaa kuona kwamba walio wengi ni S. Tarakilishi yako, hata ukidhani ina shughuli nyingi, imejaa waliolala.

Usidhani hayo ni ya wenye Linux peke yao. Kama una simu ya Android mfukoni, una fork mfukoni. Simu inapowaka, huanzishwa mchakato uitwao Zygote, jina la yai lililorutubishwa. Zygote hupakia vitu ambavyo programu zote zitavihitaji, kisha anakaa tayari. Ukigusa programu yoyote kwenye skrini, Zygote anatumia fork, na mtoto anazaliwa akiwa na vitu hivyo tayari bila kuvipakia upya. Kumbukumbu ikipungua, mfumo huwaua wale uliowaacha nyuma bila kukuuliza. Ndiyo maana simu ndogo ikijaa, ukirudi kwenye programu fulani unaikuta inaanza upya.

Kosa langu lilikuwa wapi?

Turudi kwa sacco. Kilichonitatiza ni kwamba programu yangu ilikuwa ikiita wait kwa kila mtoto wake. Niliipitia mara nne. Sikuwa mzazi mzembe! Mbona mazombi?

Jibu lilikuwa kwenye kontena. Tangu Linux 2.6.24, ya mwaka 2008, inawezekana kulipa kundi la michakato ulimwengu wake lenyewe wenye hesabu yake ya namba, ikianza na 1. Docker, iliyotoka mwaka 2013, ilifanya jambo hilo kuwa la kila siku. Niliiweka programu yangu ndani ya kontena, na kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuanzishwa humo, ikapewa namba 1.

Unaona? Nilikuwa nimefanywa nyanya bila kujua.

Kutuma ujumbe, programu yangu iliita hati moja fupi. Hati hiyo ilianzisha programu ndogo nyuma ya pazia, kisha ikamaliza. Niliisubiri hati vizuri. Lakini ile programu ndogo ikawa yatima, na mayatima wa kontena hupelekwa kwa namba 1, yaani kwangu. Ilipokufa, mimi sikujua hata kama ilikuwepo. Kila awamu ya ujumbe iliniachia maiti mmoja, siku baada ya siku, mpaka idadi ya michakato iliyoruhusiwa kwenye kontena ikajaa. Ijumaa hiyo hapakuwa na nafasi ya mtoto hata mmoja kuzaliwa.

Dawa ilikuwa neno moja. Docker, tangu toleo la 1.13 la mwaka 2017, ina chaguo la --init, ambalo huweka programu ndogo sana kuwa namba 1, na kazi yake ni kupitisha ishara na kuzika mayatima. Niliongeza neno hilo, na mpaka nilipoacha kazi ile sikuona zombi tena. Tatizo lililotatuliwa Bell Labs kabla wazazi wangu hawajaoana nilikuwa nimelirudisha kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu nilijua kutumia kontena lakini sikujua namba 1 ni nani.

Je, fork istaafu?

Mwaka 2019 watafiti wanne, Andrew Baumann, Jonathan Appavoo, Orran Krieger na Timothy Roscoe, walichapisha makala wakisema fork imepitwa na wakati. Hoja zao ni nzito. Mtoto anarithi kila kitu cha mzazi hata asichohitaji, jambo ambalo ni hatari kwa usalama. Programu yenye nyuzi nyingi ikijinakili, inaweza kuganda. Mchakato mkubwa mno unachukua muda kunakiliwa hata kwa njia ya kushiriki kurasa, maana majedwali ya kurasa nayo lazima yanakiliwe. Wanashauri wanafunzi wafundishwe fork kama kitu cha historia, na kazini tutumie njia zinazoanzisha mchakato mpya moja kwa moja, kama vile posix_spawn. Windows NT, tangu mwaka 1993, huanzisha michakato kwa njia ya moja kwa moja namna hiyo.

Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini nimegundua kitu kimoja: hata ukiondoa fork, swali la wait halikuachi. Hata kwenye Windows, taarifa za mchakato uliokwisha hubaki mpaka kila aliyekuwa ameushikilia auachilie. Popote ambapo mmoja anamwanzisha mwingine, lazima mtu mmoja awe na wajibu wa kuuliza mwisho wake ulikuwaje. Njia ya kuzaliwa inaweza kubadilika. Wajibu wa kuzika haubadiliki.

Siku hizi, kabla sijaweka programu yoyote kwenye seva, najiuliza maswali matatu. Nani anamzaa nani? Mzazi akifa kwanza, yatima anakwenda kwa nani? Na nani atasoma taarifa ya mwisho? Nikishindwa kujibu moja, sipeleki.

Yule mama wa karo sikuwahi kuonana naye. Meneja aliniambia alimlipa jirani yake siku ile ile, pamoja na riba. Sacco haikunidai kitu, na pengine hawakujua kosa lilikuwa la nani. Mimi ninajua.

Haya basi, nadhani kwa leo yatosha. Siku nyingine, nikijaliwa, nitaandika jinsi mfumo unavyoamua zamu ni ya nani, maana hiyo nayo ina vituko vyake. Wakati huo, fungua terminali yako utafute herufi Z. Ukiikuta, usimlaumu marehemu. Mtafute mzazi.

Wasalaam.